Diski ya bakapu ikihama herufi: njia za folda ziandikweje

Swali limetoka kwa msomaji wa Mwenge mwenye steshenari ya kuchapa, kutoa kopi na kutengeneza kadi:

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina kompyuta mbili za mezani, zote Windows 10, na diski ya nje ya TB 1. Natumia FreeFileSync, programu ya kusawazisha folda mbili. Kushoto nimeweka C:\Users\Ofisi\Documents\Kazi, kulia nimeweka E:\, mtindo ni Mirror (kulia kufanane na kushoto), na kila mchana inajiendesha yenyewe. Wiki iliyopita mteja alileta flashi yake kabla sijachomeka diski, flashi ikapewa E:. Muda ulipofika programu ikafuta picha zake za harusi na kumwaga kazi zangu humo. La pili, kompyuta ya nyuma inatakiwa kila usiku ipeleke mafaili yake kwenye kompyuta ya mbele kupitia draivu Z:. Nikibofya mwenyewe inakubali, ikijiendesha usiku inasema folda haipo. Njia hizi niziandikeje?"

Ndugu yangu, pole sana. Tuanze na flashi ya mteja, maana hiyo haisubiri. Usiandike kitu kingine chochote ndani yake, wala usiifomati. Faili likifutwa kwenye flashi haliendi kwenye pipa la taka kama linavyofanya kwenye diski ya kompyuta. Linaondolewa kwenye orodha tu, na nafasi yake inabaki wazi hadi faili jingine liikalie. Kazi zako zilizomwagwa humo zimeshakalia sehemu ya nafasi hiyo, lakini mara nyingi si yote. Pakua PhotoRec, ya bure, inayokuja pamoja na TestDisk. Iambie isome flashi na irudishe picha kwenye diski nyingine kabisa, kamwe si kwenye flashi ileile. Picha zitakazorudi zitakuwa zimepoteza majina yao ya awali, kwa hiyo mwambie mteja mapema kwamba itabidi azipange upya mwenyewe.

Sasa tuje kwenye njia, yaani anwani ya folda ndani ya kompyuta. Hapo kwako makosa yalikuwa matatu kwa pamoja, na kila moja peke yake lingeweza kusameheka: njia ilitaja herufi, njia iliishia kwenye mzizi wa draivu (E:\ yenyewe, bila folda), na mtindo ulikuwa ule unaofuta, tena bila mtu wa kuangalia.

Herufi kwanza. Watu wengi wanadhani E: ni jina la diski yao. E: ni kiti tu. Windows inapoona kifaa kipya inakipa herufi ya kwanza iliyo wazi. Ni kweli inakumbuka kwamba diski fulani mara ya mwisho ilikaa E:, na ukiichomeka tena itajaribu kuirudisha hapohapo, lakini ikikuta kiti kina mtu inaipeleka F: bila kukuuliza. Nyumbani kwenye flashi moja unaweza kukaa miaka miwili bila kuona tatizo. Steshenari ni kitu kingine: flashi za wateja zinaingia na kutoka kutwa nzima, na kisoma kadi kimoja chenye matundu manne kinaweza kula herufi nne kwa mkupuo. Ukimwelekeza mgeni nyumbani kwako kwa kusema "shuka kituoni, nyumba ni ile iliyo mbele ya bajaji ya njano", siku bajaji ikihama mgeni atabisha hodi kwa jirani. Programu nayo ilibisha hodi kwa jirani, ikafunguliwa, ikaingia na kufanya usafi.

Dawa yake ni njia iitaje diski yenyewe. Chomeka diski, fungua This PC, bofya kulia juu ya diski, chagua Rename, uiite BAKAPU-A. Jina liwe fupi, herufi 11 au pungufu, kwa sababu diski zilizofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 au exFAT hazikubali zaidi ya hapo. Mfumo wa NTFS unakwenda hadi 32, lakini kesho unaweza kununua diski nyingine Kariakoo iliyofomatiwa exFAT na utataka kufuata mtindo uleule wa majina. Kisha kwenye FreeFileSync, kisanduku cha kulia, andika hivi:

[BAKAPU-A]\Mbele\Kazi

Mabano ya mraba ni sehemu ya njia, usiyaache. Ukipenda usiandike kwa mkono: chagua folda kwa njia ya kawaida, halafu bofya kishale kilicho pembeni mwa kisanduku, utaona njia ileile imeandikwa kwa jina la diski, ichague. Kuanzia hapo diski ikikaa E:, F: au J:, programu itaitafuta kwa jina. Isipoiona kabisa itakuambia folda haipatikani. Ujumbe huo mwekundu usikuudhi. Ndio uliokosekana siku ile.

Jihadhari na jambo moja dogo hapa. Unda folda za kulia kwa mkono wako kabla ya kuendesha mara ya kwanza. Diski ikiwepo lakini folda haipo, FreeFileSync inaweza kuiunda yenyewe inapohitaji. Ukikosea herufi moja, ukaandika "Mbelle", utapata bakapu mpya kabisa pembeni ya ile ya zamani, diski itajaa upesi, na utakuja kugundua siku unayotafuta faili.

Zipo njia nyingine mbili za kuikwepa herufi. Ya kwanza ni kuipa diski herufi ya mbali. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, bofya kulia juu ya diski, chagua Change Drive Letter and Paths, uipe R: au W:. Flashi hujaza kuanzia mwanzo wa alfabeti, kwa hiyo ni nadra kufika huko. Kasoro yake ni kwamba kumbukumbu hiyo inakaa kwenye kompyuta hiyohiyo tu. Ukihamishia diski kwenye kompyuta ya nyuma itapewa herufi nyingine, na itabidi urudie. Ya pili ni kuhifadhi faili la mpangilio, lile linaloishia na .ffs_batch, ndani ya diski yenyewe, na kuandika njia ya kulia bila herufi: \Mbele\Kazi. Ukilifungua kutoka kwenye diski, njia itahesabiwa kuanzia diski hiyo. Inafaa kwa anayebofya mwenyewe. Kwa kazi inayojiendesha kwa saa, haifai. Ushauri wangu kwako ni jina la diski ndani ya FreeFileSync, pamoja na herufi W: kwa ajili ya programu nyingine zisizojua majina ya diski.

Kosa la pili, mzizi. Ulipoandika E:\ pekee, ulimwambia Mirror kwamba draivu nzima ifanane na folda yako ya Kazi. Mirror haina huruma: kilichopo kulia na hakipo kushoto kinaondoka. Kama ungeandika E:\Mbele\Kazi, siku ile programu ingeunda folda mpya kwenye flashi ya mteja na kujaza kazi zako humo. Ingekuwa aibu ndogo ya kufuta folda moja, na picha za harusi zingebaki salama pembeni. Ndiyo maana nasema kwa mkazo: njia ya kupokelea isiishie kamwe kwenye alama ya mkwaju (\) baada ya herufi. Iwe na angalau folda mbili ndani.

Folda mbili hizo zina sababu nyingine. Una kompyuta mbili. Kama zote zitapeleka Mirror kwenye [BAKAPU-A]\Kazi, mchana ya mbele itafuta mafaili ya nyuma, usiku ya nyuma itafuta ya mbele, na kila moja itaripoti kwamba kazi imekamilika bila kosa. Hakuna ujumbe mwekundu utakaouona. Kila kompyuta iwe na chumba chake:

[BAKAPU-A]\Mbele\Kazi
[BAKAPU-A]\Nyuma\Kazi
[BAKAPU-A]\Matoleo\Mbele
[BAKAPU-A]\Matoleo\Nyuma

Hizo folda za Matoleo ndizo zitakazokuokoa siku ya kosa la tatu. Bonyeza F8 kwenye FreeFileSync, upande wa kufuta mafaili chagua Versioning badala ya pipa la taka, na kwenye kisanduku cha njia andika [BAKAPU-A]\Matoleo\Mbele. Mtindo wa majina chagua Time stamp kwa faili. Kuanzia hapo, faili linalotakiwa kufutwa au kufunikwa na toleo jipya linahamishiwa kwenye Matoleo likiwa na tarehe na saa mwishoni mwa jina, mfano Kadi.cdr 2025-06-14 130512.cdr. Hiyo 1305 ni saa saba na dakika tano mchana. Mweleze na kijana wako wa kaunta, asije akatafuta kazi ya saa moja asubuhi kwenye mafaili yenye 01. Palepale unaweza kuweka kikomo cha siku, na kwa steshenari siku 60 zinatosha: mteja wa kadi ya mchango akirudi baada ya mwezi kudai toleo la kwanza, unalo.

Folda ya Matoleo isiwe ndani ya folda unayoisawazisha. Ukiiweka [BAKAPU-A]\Mbele\Kazi\Matoleo, Mirror itaiona kama kitu kisichokuwepo kushoto, na programu itakuonya kwamba njia mbili zimeingiliana. Watu hubofya onyo hilo lipite. Usilipitishe, rudi ukarekebishe njia.

Sasa upande wa kushoto, ambako watu hawatazami kwa sababu wanaona ni nyumbani kwao. Umeandika C:\Users\Ofisi\Documents\Kazi. Je, una uhakika Documents yako bado iko hapo? OneDrive ikikubaliwa kutunza folda zako, inazihamisha: Documents inakuwa C:\Users\Ofisi\OneDrive\Documents, na Desktop vilevile. Ukifungua Documents kwa kubofya utaona mafaili yako yote na hutashuku kitu, huku njia ya zamani ikiwa tupu au imebaki na vipande. Bofya kulia juu ya Documents, Properties, kisha Location. Njia iliyoandikwa pale ndiyo ya kweli. FreeFileSync ina neno la kuandika linalofuata folda hiyo popote ilipohamia:

%csidl_MyDocuments%\Kazi

Na hapo kwenye OneDrive kuna mtego mwingine, unaokula bando. Faili lenye alama ya wingu halipo kwenye kompyuta yako. Liko mtandaoni, umebakishiwa jina tu. Programu ya bakapu ikitaka kulinakili, Windows inalazimika kulipakua kwanza. Mtu mwenye GB 40 za picha kwenye OneDrive akiendesha bakapu ya kwanza kwa bando la simu ataliona bando linaisha kabla ya adhuhuri. Ama yashushe mafaili hayo siku yenye mtandao wa kutosha kwa kuchagua Always keep on this device, ama iondoe folda ya Kazi kwenye OneDrive.

Kwa biashara yako mimi ningeiondoa. Weka kazi zote C:\Kazi, au D:\Kazi kama diski ya ndani imegawanywa. Njia fupi, haina jina la mtumiaji ndani yake, haibadiliki ukinunua kompyuta nyingine na kujiita "Duka" badala ya "Ofisi". Ukilazimika kubaki ndani ya folda ya mtumiaji, andika %UserProfile%\Kazi badala ya C:\Users\Ofisi\Kazi, ili njia ileile ya kushoto ikubali kwenye kompyuta zote mbili.

Ufupi una faida ambayo haionekani hadi siku ya shida. Programu nyingi za Windows zinakwama njia ikizidi herufi 260, ukihesabu kila kitu kuanzia C:\ hadi .docx. Tangu toleo la 1607 la Windows 10, la mwaka 2016, kikomo hicho kinaweza kulegezwa, lakini ni kwa programu zilizoandikwa kukubali ulegezaji huo tu. Excel ina kikomo chake kikali zaidi: herufi 218 kwa njia na jina la faili pamoja. FreeFileSync yenyewe inanakili njia ndefu bila kulalamika, na hapo ndipo mtu anapodanganyika, kwa sababu faili lipo kwenye diski, linaonekana, lakini Excel inakataa kulifungua. Fikiria C:\Kazi\Wateja\Vikundi vya kusaidiana\2024\Michango na marejesho ya kila mwezi\... halafu hiyo yote inaongezewa mbele yake Matoleo\Mbele, na nyuma yake tarehe na saa. Ikikutokea, nakili faili hilo kwanza hadi C:\Kazi kisha lifungue. Dawa ya kudumu ni majina mafupi ya folda.

Tukiwa bado kushoto, punguza takataka. Bonyeza F7, kwenye kisanduku cha vitu vya kuacha ongeza mistari hii, chini ya ile utakayoikuta:

*.tmp
*\~$*
*\Backup_of_*
\Filamu\

Wa pili ni mafaili ya muda ambayo Word na Excel huyaweka wakati hati iko wazi. Wa tatu ni nakala ambazo CorelDRAW huzitengeneza yenyewe kila unapohifadhi. Kwenye kazi za kadi zinaweza kukaribia nusu ya uzito wa folda, nawe tayari una Matoleo. Wa nne unaacha folda nzima. Uone ulivyoandikwa: njia za kichujio zinahesabiwa kuanzia kwenye folda uliyoiweka kushoto, si kuanzia C:. Kwa hiyo kushoto kukiwa C:\Kazi na unataka kuiacha C:\Kazi\Filamu, unaandika \Filamu\ tu. Kosa la kuandika njia nzima kwenye kichujio ni la kawaida mno, na dalili yake ni kwamba kichujio hakifanyi lolote.

Swali lako la pili, draivu Z:. Hapo kwako hakuna kilichoharibika. Z: ni herufi ya mtandao, na Windows inaitengeneza kwa ajili ya mtu aliyeingia kwenye kompyuta, kwa kikao chake hicho. Ukikaa mwenyewe na kubofya, Z: ipo kwa sababu wewe upo. Kazi ya Task Scheduler (kipanga ratiba cha Windows) iliyowekwa iendeshwe hata kama hakuna aliyeingia, au chini ya akaunti ya SYSTEM, ile ya Windows yenyewe, inafanya kazi kwenye kikao chake, na huko hakuna Z:. Ikiwa chini ya SYSTEM, hata %UserProfile% inageuka kuwa folda ndani ya C:\Windows, kwa hiyo kushoto nako kunapotea. Hata kuweka alama ya "highest privileges" peke yake kunatosha kuificha Z: kwenye kompyuta nyingi.

Andika njia kamili ya mtandao badala ya herufi:

\\MBELE-PC\Bakapu\Nyuma\Kazi

MBELE-PC ni jina la kompyuta ya mbele. Utalipata Settings, System, About. Bakapu ni jina ulilolipa folda wakati wa kuishirikisha, ambalo si lazima liwe jina la folda yenyewe kwenye diski. Usitumie namba ya mtandao kama \\192.168.8.101. Ruta ndogo za 4G ambazo maduka mengi yanatumia hugawa namba upya, na umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ya mbele inaweza kupewa namba iliyokuwa ya printa. Ni kosa lilelile la bajaji, kwa vazi jingine. Kama jina halifanyi kazi, ingia kwenye ruta ukaifungie kompyuta ya mbele namba moja ya kudumu, ndipo uitumie.

Ruhusa ziko sehemu mbili na zote lazima zikubali. Kwenye Sharing, mtumiaji unayemtumia apewe Change. Kwenye Security, apewe Modify. Moja ikiwa ya kusoma tu, utaona orodha ya mafaili vizuri kabisa lakini kuandika kutakataliwa, na watu wengi hapo huanza kuilaumu njia.

Kwenye Task Scheduler, sehemu ya programu andika "C:\Program Files\FreeFileSync\FreeFileSync.exe", na sehemu ya Add arguments andika njia ya faili la .ffs_batch, ndani ya alama za nukuu. Bila nukuu, njia yenye nafasi kama C:\Mipango\Kazi usiku.ffs_batch inakatwa baada ya neno Kazi. Chagua iendeshwe mtumiaji akiwa ameingia tu, na uiache kompyuta ikiwa imefungwa skrini bila kutoka. Kwa duka la kompyuta mbili hilo ndilo rahisi na lina matatizo machache. Halafu badilisha saa. Usiku wa manane kompyuta ya mbele imelala, au mlinzi amezima swichi kubwa, au uniti za LUKU zimeisha. Weka 19:30, saa moja na nusu jioni, kabla hujafunga, na uweke alama kwenye "Run task as soon as possible after a scheduled start is missed" ili umeme ukikosekana leo, kesho ukiwasha iendelee.

Kesho yake tazama safu ya Last Run Result. FreeFileSync inarudisha 0 kama yote yamekwenda, 1 kukiwa na onyo, 2 kukiwa na makosa, 3 ikiwa imekatizwa. Itaonekana kama 0x0, 0x1 na kuendelea. Mtu mmoja dukani apewe jukumu la kuitazama namba hiyo kila asubuhi.

Kosa la tatu nimeliacha hapa kwa makusudi, kwa sababu njia zikishakuwa sahihi linabaki hatari moja tu, nayo ni kushoto kuwa tupu. Mtu amehamisha Kazi, diski ya D: imeharibika na kurudi ikiwa imefomatiwa, kirusi kutoka flashi ya mteja kimeficha mafaili: folda ipo, njia ni sahihi, ndani hakuna kitu. Mirror itatii na kuondoa kila kitu kulia. Syncthing, programu nyingine ya kusawazisha folda, ina kinga nzuri kwa hili. Ndani ya kila folda inaweka kifolda kidogo kinachoitwa .stfolder, na kisipoonekana inasimama palepale na kudai alama yake, kwa kuelewa kwamba diski haipo au imebadilishwa. FreeFileSync haina alama hiyo, ila ina onyo kwamba folda mbili zinatofautiana mno. Onyo hilo lina kisanduku cha kulinyamazisha. Usikiguse, na kwenye mpangilio wa .ffs_batch usiweke Ignore errors. Na kila Jumamosi uiendeshe kwa mkono: F5 ilinganishe, kisha kabla ya F9 tazama chini idadi ya mafaili yatakayofutwa. Duka lako linafuta labda mafaili kumi kwa wiki. Ukiona 4,000, ondoa mkono kwenye kipanya.

Usishawishike kuhamia Two way ili kukwepa kufuta. Hiyo ni kwa folda mbili ambazo zote zinafanyiwa kazi. Inategemea kumbukumbu iliyofichwa kwenye kila folda ya msingi, faili linaloitwa sync.ffs_db, ukibadilisha njia hata kwa kuingia folda moja ndani, kumbukumbu haipo tena, na mafaili uliyoyafuta mwezi uliopita yanafufuka upande wa pili.

Anayetumia Robocopy, amri ya kunakili iliyomo ndani ya Windows, badala ya FreeFileSync aangalie mkwaju wa mwisho: "C:\Kazi\" ndani ya nukuu inaharibu amri, kwa sababu mkwaju unaimeza nukuu inayofuata. Andika "C:\Kazi". Aongeze /R:2 /W:5, la sivyo faili moja lililofunguliwa litaisimamisha kazi siku nzima: kawaida yake ni kujaribu mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Na /L kwanza, inayoonyesha bila kugusa. Kwa rsync, amri ya kunakili ya Linux, mkwaju una maana nyingine: Kazi/ ni vilivyomo ndani, Kazi ni folda pamoja na vilivyomo, na ukichanganya hilo na --delete unaweza kufuta kisichohusika, tumia -n kwanza.

Kuhusu diski yenyewe, ifomati NTFS kama ni ya Windows tupu. NTFS inatunza daftari la mabadiliko, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kuandika inajirekebisha vizuri kuliko exFAT. FAT32 iache: haikubali faili linalofika GB 4, na video moja ya harusi inapita hapo. Tena FAT32 inaandika saa za hapa bila kujua ukanda, kwa hiyo kompyuta iliyotumika iliyoletwa kutoka Dubai ikiwa bado na saa za huko itaona kila faili limetofautiana kwa saa moja na kutaka kunakili yote upya. Kwenye orodha ya Windows tafuta (UTC+03:00) Nairobi. Dar es Salaam haimo kwa jina lake, lakini saa ni hizohizo.

Nunua diski ya pili, uiite BAKAPU-B, na uiundie faili lake la .ffs_batch lenye [BAKAPU-B] ndani. Usizipe diski mbili jina moja. Moja ikae nyumbani, wiki hii A, wiki ijayo B. Iliyopo dukani ichomoe bakapu ikimalizika, kwa Safely Remove, maana kirusi cha kufunga mafaili kinafuata kila njia kinayoiona ikiwa wazi. Andika jina la diski kwa kalamu isiyofutika kwenye stika, ubandike juu ya boksi lake.

Na kabla hujaiamini, ipeleke BAKAPU-A kwenye kompyuta ya nyuma, ambako mafaili ya kushoto ya kompyuta ya mbele hayapo kabisa. Fungua mafaili matatu: la zamani kuliko yote, lile kubwa kuliko yote, na ulilolibadilisha jana. Fungua na moja kutoka Matoleo. Faili la CorelDRAW (.cdr) lifunguke hadi fonti, Excel ihesabu, picha ionekane nzima.